Danny Thomas na nadhiri iliyozaa hospitali ya watoto

Tarehe 28 Oktoba kila mwaka Kanisa huadhimisha sikukuu ya Mitume Simoni na Yuda. Huyu wa pili, aitwaye pia Tadei, kwa karne nyingi alikumbukwa na waamini wachache, na sababu yenyewe inasikitisha kidogo: jina lake ni lile lile la msaliti, hivyo watu walisita kulitaja katika sala. Huko Marekani ibada kwake ilianza kushika mizizi mwaka 1929, wakati mapadre Waklareti walipomwekea mahali pa kusali katika parokia ya Bikira Maria wa Guadalupe, kusini mwa jiji la Chicago, mtaa wa wafanyakazi wa viwanda vya chuma. Ulikuwa ndio mwaka ambao uchumi wa dunia ulianza kuporomoka. Watu waliopoteza kazi walimkimbilia Mtume aliyesahauliwa, wakamtambua kuwa msaada wa mambo yaliyokatiwa tamaa. Miaka michache baadaye, katika jiji la Detroit, alimkimbilia pia mchekeshaji mmoja kijana aliyekuwa na mke, mtoto mdogo na mfuko mtupu. Habari za mtu huyo ndizo tunazozisimulia hapa, kwa sababu nadhiri aliyoiweka mbele ya Mtakatifu Yuda Tadei imewaponya saratani watoto wasiohesabika.

Alizaliwa tarehe 6 Januari 1912, siku ya Tokeo la Bwana, katika mji mdogo wa Deerfield, jimbo la Michigan, akaitwa Amos Muzyad Yakhoob Kairouz. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Bsharri, mji ulio juu milimani nchini Lebanon, karibu na mierezi ile inayotajwa mara nyingi katika Maandiko Matakatifu. Walikuwa waamini wa Kanisa la Wamaroniti, moja ya Makanisa ya Mashariki yaliyo katika ushirika kamili na Baba Mtakatifu. Watoto walikuwa kumi, na chakula kilikuwa cha kugawana. Familia ilihamia Toledo, jimbo la Ohio, na huko Amos alilelewa kwa sehemu na mjomba na shangazi yake.

Katika utoto wake lipo tukio moja ambalo yeye mwenyewe alilisimulia mpaka uzeeni. Mdogo wake, akiwa bado mchanga, aling'atwa na panya, akapatwa na degedege, na waliokuwepo waliona kwamba hatapona. Mama yao alipiga magoti, akamwahidi Mungu kwamba mtoto akiishi, yeye atakwenda nyumba kwa nyumba mwaka mzima kuwaombea maskini sadaka. Mtoto akapona. Na yule mama, ambaye nyumbani kwake mwenyewe senti zilikuwa za kuhesabu, alitimiza neno lake: alibisha hodi milangoni mwa watu, akapokea sarafu moja moja, akazipeleka kwa waliokuwa maskini kuliko yeye. Hakuzigusa. Mtu akitaka kuuelewa mwendo wote wa maisha ya mwanawe, aanzie hapo, kwa mama mhamiaji anayeomba barabarani kwa ajili ya watoto wasio wake.

Kijana alikuwa na kipaji cha kuchekesha na kusimulia. Aliuza magazeti, kisha peremende na vinywaji katika kumbi za maonyesho, akiwatazama wachekeshaji jukwaani na kujifunza kwao. Mwaka 1932 alipata nafasi katika redio moja ya Detroit. Hapo ndipo alipokutana na Rose Marie, mwimbaji wa asili ya Italia, nao wakafunga ndoa mwaka 1936. Kipato kilikuwa cha leo kipo, kesho hakipo. Mwishoni mwa mwaka 1937 mke wake alipokaribia kujifungua mtoto wao wa kwanza, hawakuwa na fedha za kulipia hospitali.

Kuhusu siku hizo kuna simulizi la dola saba, ambalo linajulikana sana Marekani. Danny alikwenda kusali Misa, na katika kapu la sadaka akatumbukiza dola saba, fedha zote alizokuwa nazo. Kisha akamweleza Mungu shida yake, kwamba anahitaji mara kumi ya kiasi hicho ili kumkomboa mkewe na mtoto. Kesho yake akapigiwa simu, akapewa kazi ndogo ya tangazo la redio, na malipo yalikuwa dola sabini na tano hivi. Mwandishi wa makala hii anakiri kwamba simulizi hili husimuliwa mara nyingi kwa namna isiyofaa, kana kwamba sadaka ni mkopo na Mungu ni benki yenye riba nono. Kanisa halifundishi hivyo. Wapo wajane wengi waliotoa senti yao ya mwisho na kesho yake simu haikulia. Jambo la kuzingatia katika maisha ya Danny ni namna alivyoishi baadaye, wakati ambapo hapakuwa na mtu wa kumkumbusha kwamba anadaiwa.

Baada ya miaka kama miwili hali ilibana tena. Hakuwa na njaa, lakini hakuona njia mbele yake, na alianza kujiuliza kama Mungu amemuita katika kazi ya jukwaani au anajidanganya. Akaingia kanisani, akasali mbele ya Mtakatifu Yuda Tadei. Safari hii hakuomba fedha. Aliomba aonyeshwe njia yake maishani, akaahidi kwamba akionyeshwa, atamjengea Mtakatifu huyo mahali patakatifu ambapo wanyonge na wasio na matumaini watakimbilia. Kisha akaenda Chicago. Mwaka 1940 akaanza kazi katika ukumbi mmoja wa starehe wa jiji hilo, na kwa kuwa hakutaka ndugu wajue kwamba amerudi kuchekesha usiku, alijibandika majina ya kaka na mdogo wake wawili: Danny na Thomas. Alitegemea kulitumia jina hilo kwa juma moja. Likamganda maisha yake yote.

Tangu hapo mambo yalimnyookea. Redio, filamu, kisha televisheni: kipindi chake cha Make Room for Daddy, kilichoanza mwaka 1953 na kuendelea mpaka 1964, kilimwingiza katika sebule za mamilioni ya Wamarekani akiwa baba mcheshi, mkali kidogo, mwenye kazi ya kusafiri. Alipata nyumba kubwa huko California. Mtu wa namna hiyo angeweza kabisa kununua sanamu nzuri ya marumaru, kuiweka katika kanisa la mtaani kwake, kualika padre aibariki, na kusema deni limelipwa. Kwa kweli wazo lake la awali halikuwa mbali na hilo, na miaka zaidi ya kumi ilipita kabla hajalishughulikia kwa dhati.

Sheria za Kanisa, katika kanuni ya 1191, zinaeleza nadhiri kuwa ahadi huru, inayotolewa kwa makusudi mbele ya Mungu, kuhusu jambo jema linalowezekana. Na iliyotolewa lazima itimizwe. Kanuni ya 1197 inaongeza kwamba mwenye nadhiri binafsi anaweza kuibadilisha iwe jambo jema zaidi au lenye wema ulio sawa. Bila shaka Danny hakuwa amefungua vitabu vya sheria, lakini alikuwa na mtu wa kumshauri. Askofu aliyempa Kipaimara utotoni huko Toledo, Samuel Stritch, sasa alikuwa Kardinali na Askofu mkuu wa Chicago. Danny alimweleza nia yake. Stritch, aliyezaliwa Tennessee na kufanya kazi ya upadre katika mji wa Memphis, alimwelekeza huko Kusini, ambako watoto wa maskini, na hasa watoto weusi, walikuwa wakifa kwa magonjwa ambayo matajiri walitibiwa. Hivyo nadhiri ya sanamu ikageuka kuwa nadhiri ya hospitali: mahali pa kutibu na kuchunguza magonjwa ya watoto yaliyokuwa hayana tiba, saratani ya damu ikiwa ya kwanza. Kardinali Stritch alifariki mwaka 1958, mjini Roma, kabla ya kuiona.

Ilibaki kutafuta fedha, na hapa ndipo sura ya mama yake inaporudi. Danny na Rose Marie walizunguka Marekani kwa gari wakiomba. Safari moja waliitembelea miji 28 kwa siku 32. Marafiki zake wa jukwaani walimsaidia kwa maonyesho ya hisani, na wengine kwa njia za ajabu: mwaka 1964 Elvis Presley, mkazi wa Memphis, alinunua meli ndogo iliyokuwa ya Rais Franklin Roosevelt na kuikabidhi hospitali ili iuzwe. Lakini kujenga ni jambo moja, na kulipa mishahara, dawa na chakula mwaka hadi mwaka ni jambo jingine. Danny alitambua kwamba jina lake litachuja na yeye atakufa, ilhali watoto wataendelea kuugua.

Basi akawaendea watu wa kwao. Mwaka 1957 aliwakusanya Chicago wajumbe wa jamii za Wamarekani wenye asili ya Lebanon, Syria na nchi nyingine za Kiarabu, watoto wa wachuuzi na wenye maduka, Wakristo wa madhehebu mbalimbali pamoja na Waislamu. Aliwaambia kwamba wazazi wao walipokelewa Marekani wakiwa hawana kitu, na sasa ni zamu yao kushukuru. Hapo kikazaliwa chama cha ALSAC, ambacho mpaka leo kazi yake ni moja tu, kukusanya fedha za hospitali hiyo. Msimamizi wake wa kwanza alikuwa Michael Tamer wa Indianapolis. Wanawake waliandaa chakula cha jioni cha mchango, vijana wakapita nyumba kwa nyumba na makopo. Zilikuja hundi kubwa pia, lakini tegemeo lilikuwa mtu wa kawaida anayetoa kidogo na kurudia mwezi unaofuata. Wale wanaochangia ujenzi wa kigango kwa bahasha wanaielewa hesabu hiyo vizuri.

Hospitali ya utafiti wa magonjwa ya watoto ya Mtakatifu Yuda ilifunguliwa Memphis tarehe 4 Februari 1962 mbele ya watu wapatao 9,000. Jengo lilikuwa na umbo la nyota yenye pembe tano. Michoro yake ilitolewa bure na Paul Revere Williams, msanifu majengo mweusi kutoka Los Angeles. Na hili si jambo la kupita haraka. Memphis ya mwaka ule ilikuwa bado na ubaguzi wa rangi: vyumba vya wagonjwa, migahawa, hoteli, hata bomba la maji ya kunywa vilitengwa. Katika hospitali hii, tangu siku ya kwanza, mtoto mweusi na mtoto mweupe walilala chumba kimoja, wakatibiwa na madaktari walewale, wazazi wao wakala meza moja. Haikuwa mali ya Kanisa, wala haikuuliza mtoto amebatizwa wapi au kama amebatizwa. Danny alizindua pia sanamu ya Mtakatifu Yuda Tadei kwenye uwanja wake, kwa hiyo hata lile wazo lake la kwanza halikupotea.

Mkurugenzi wa kwanza wa tiba alikuwa Dkt. Donald Pinkel, Mkatoliki kutoka Buffalo, ambaye alikuwa ameugua polio. Wakati huo, kati ya watoto mia moja wenye aina ya saratani ya damu inayowapata watoto wengi zaidi, waliopona walikuwa wanne. Madaktari wengi waliona ni ukatili kuwasumbua kwa dawa kali: afadhali kuwaacha wafe kwa amani. Walikuwa wakitoa dawa moja, na ikishindwa wanatoa nyingine, na ugonjwa uliorudi ulijificha kwenye ubongo na katika maji yanayozunguka uti wa mgongo, ambako dawa za kawaida hazikufika. Pinkel na wenzake waliamua kuuvamia ugonjwa kwa kila silaha kwa pamoja: dawa kadhaa kwa wakati mmoja, mionzi ya kichwa, dawa nyingine zikiingizwa moja kwa moja kwenye uti wa mgongo, kisha dawa za kuendelea kwa takriban miaka mitatu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walitangaza kwamba nusu ya watoto waliotibiwa hivyo walikuwa wamepona. Tangu hapo mionzi ya kichwa imeachwa kwa wagonjwa walio wengi kwa sababu ya madhara yake, dawa zimepangwa vizuri zaidi, na katika hospitali hiyo waponao sasa ni zaidi ya tisini katika mia. Matokeo hayakufungiwa kabatini. Madaktari wa nchi nyingine walipewa bure.

Tiba ya miaka mitatu ingekuwa kitu gani kwa mtoto wa mkulima wa pamba wa Mississippi kama baba yake angetakiwa kuilipia? Danny alisisitiza jambo hili kuliko lolote: hakuna mtoto atakayerudishwa mlangoni kwa sababu wazazi wake hawana fedha. Na kwa kuwa alikua katika umaskini, hakuishia kwenye gharama ya dawa. Maskini hashindwi na bei ya dawa peke yake. Anashindwa na nauli, na chakula cha yule anayemuuguza mtoto, na mahali pa kulala katika mji asioujua. Familia zinazotibiwa hapo hazipelekewi bili ya matibabu, wala ya safari, wala ya malazi, wala ya chakula.

Sisi wa Afrika Mashariki tunalijua jambo hilo kwa uchungu. Kila mwaka watoto na vijana wapatao 400,000 duniani hupatwa na saratani. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 hupona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki asilimia 30, ingawa dawa nyingi zinazohitajika si mpya. Wengine hufikishwa hospitali wakiwa wamechelewa, baada ya kuzungushwa kwa waganga na kutibiwa malaria isiyokuwepo. Wengine huanza vizuri, uvimbe unanywea, mama anaona mtoto anacheza, fedha za nauli zinakwisha, naye anarudi kijijini kabla dawa hazijakamilika. Ugonjwa ukirudi, huwa mkali kuliko mwanzo. Bugando mjini Mwanza, hospitali ya rufaa iliyo chini ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, huwatibu watoto wa namna hiyo, na Muhimbili jijini Dar es Salaam shirika la Tumaini la Maisha limejitoa ili matibabu ya saratani kwa watoto yawe bila malipo. Parokia inayomlipia mama mmoja basi la kwenda na kurudi mpaka dozi iishe inaongeza nafasi ya mtoto wake kupona, sawasawa na anayenunua dawa. Tangu mwaka 2018 hospitali ya Memphis inashirikiana na Shirika la Afya Duniani ili kufikia mwaka 2030 walau asilimia 60 ya watoto wenye saratani duniani wapone, na mwaka 2021 iliahidi dola milioni 200 za kuzipatia dawa nchi zisizo na uwezo. Zambia ni miongoni mwa nchi za kwanza kunufaika.

Danny hakuyaona hayo. Alizeeka akiwa bado na sigara kubwa mdomoni na simulizi zisizokwisha, akiendelea kuomba fedha kwa kila aliyekutana naye, jambo ambalo, tuseme ukweli, liliwachosha baadhi ya marafiki. Bunge la Marekani lilimtunukia nishani ya dhahabu, akaipokea kwa Rais Ronald Reagan mwaka 1985. Tarehe 4 Februari 1991 alikuwa Memphis akisherehekea miaka 29 ya hospitali pamoja na watoto na wauguzi. Akarudi nyumbani California, na tarehe 6 moyo wake ukasimama. Alikuwa na umri wa miaka 79.

Walimrudisha Memphis, wakamzika katika bustani iliyo ndani ya uwanja wa hospitali. Rose Marie, aliyekaa naye garini katika miji ile 28, alifariki mwaka 2000 akalazwa kando yake. Wazazi wanaosubiri majibu ya vipimo hukaa kwenye bustani hiyo, na watoto waliokwisha nyolewa na dawa hupita hapo wakisukumwa kwenye vigari kwenda kutibiwa.